Roketi Zipo, Shughuli ni Kutua

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu, wanafunzi wa fizikia na uhandisi, na wageni wetu nyote,

Nashukuru kwa nafasi hii. Mada niliyopewa ni mbio za kimataifa za kuwarudisha watu mwezini. Mara nyingi mada hii huzungumzwa kwa bendera: itatangulia Marekani au China? Swali hilo nitalijibu kwa namna yangu, lakini nitaanzia kwenye mafuta. Hoja yangu naitoa sasa hivi ili asiyeikubali apate muda wa kuandaa swali lake. Mbio hizi haziamuliwi na roketi kubwa inayopaa kwa kishindo mbele ya kamera. Zinaamuliwa na chombo cha kutua, na jinsi mafuta ya chombo hicho yatakavyofikishwa huko.

Tuanze na hesabu. Mwezi uko umbali wa wastani wa kilomita 384,400. Umbali wenyewe hausumbui sana. Huko juu hakuna hewa ya kukuzuia, kwa hiyo chombo kikishapewa mwendo kinakwenda chenyewe, injini zimezimwa, na baada ya siku tatu au nne kimefika. Kinachogharimu ni kubadilisha mwendo. Ili chombo kisalie kwenye obiti ya chini kuizunguka dunia, kinahitaji kasi ya kilomita 7.8 kwa sekunde. Kutoka hapo kuelekea mwezini, ongeza 3.1. Kikifika kinapaswa kupunguza kama 0.9, la sivyo kitaupita mwezi na kuendelea na safari zake. Kutoka obiti ya chini ya mwezi hadi ardhini ni karibu 1.9 nyingine, na yote inatoka kwenye injini, maana pasipo hewa parachuti ni kitambaa tu. Kupanda tena, karibu hiyohiyo. Kuuacha mwezi na kushika njia ya nyumbani, 0.9 tena.

Kila tarakimu hapo inalipwa kwa mafuta, na mafuta ya hatua ya mwisho ni mzigo kwa hatua zote zilizotangulia. Fikirini lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Lubumbashi na kurudi, na njia nzima hakuna kituo cha mafuta hata kimoja. Litabeba madumu ya kwendea, madumu ya kurudia, na madumu ya kubebea hayo madumu. Ndiyo maana Saturn V, roketi ya Apollo, ule mpango wa Marekani uliopeleka watu mwezini, iliondoka ikiwa na uzito wa tani zipatazo 2,900, na kilichorudi kikaelea baharini ni kibanda cha tani kama 5 chenye watu watatu.

Apollo ilifaulu kwa ujanja mmoja wa kihandisi, ambao mhandisi John Houbolt wa kituo cha Langley cha NASA, shirika la anga la Marekani, aliupigania sana mwaka 1961 na 1962: usishuke na kila kitu. Chombo kikuu, chenye mafuta ya kurudia na ngao ya joto, kinabaki juu kikiuzunguka mwezi na mtu mmoja ndani. Wawili wanashuka na chombo chepesi cha tani 15 hivi. Wakitaka kuondoka, wanaiacha nusu ya chini na miguu yake palepale, wanapanda na nusu ya juu. Nusu hizo za chini bado ziko mwezini, zote sita. Injini ya kupandia ilikuwa moja, haina ya akiba, kwa hiyo wakaifanya iwe sahili kupita kiasi. Haikuwa na pampu. Mafuta yalisukumwa na gesi ya heliamu, na kemikali zake mbili zilikuwa zikikutana tu zinawaka zenyewe bila cheche. Tena kemikali hizo hukaa kwenye tangi siku nyingi bila kuhitaji baridi kali. Shikeni jambo hilo, litarudi.

Sasa, kama njia ilikuwa inajulikana, kwa nini tangu Eugene Cernan na Harrison Schmitt walipoondoka Desemba 1972 hakuna mtu aliyekanyaga tena? Jibu la kwanza ni fedha. Mwaka 1966 NASA ilikuwa inapata zaidi ya asilimia 4 ya bajeti ya serikali kuu ya Marekani. Siku hizi haifiki nusu ya asilimia moja. Jibu la pili husemwa kwa nadra: safari inayotakiwa sasa si ileile. Apollo zote sita zilitua upande unaoitazama dunia, mbali na ncha, na waliokaa zaidi walikaa siku tatu hivi. Wanaojiandaa sasa wanaitaka ncha ya kusini, na wanataka hatimaye wakae.

Kwa nini ncha ya kusini? Kule jua halipandi. Linazunguka kwenye upeo wa macho, na likipanda sana ni digrii moja na nusu tu. Kingo za juu za kreta, yaani mashimo makubwa ya mwezini, hupata mwanga sehemu kubwa ya mwaka, na hivyo umeme wa jua hupatikana bila ule usiku wa siku 14 unaoua betri kwingineko mwezini. Lakini ndani ya kreta hizohizo, kama Shackleton yenye upana wa kilomita 21 na kina cha kilomita 4 hivi, kuna sakafu ambazo hazijaona jua kwa muda mrefu usioelezeka, na baridi yake hufika nyuzi 180 chini ya sifuri na zaidi. Barafu ikiingia humo haitoki. Kifaa kilichopanda na Chandrayaan-1 ya India mwaka 2008 kiliona dalili za maji. Oktoba 2009 NASA ilikibamiza kwa makusudi kipande cha roketi kwenye kreta ya Cabeus, kisha chombo cha LCROSS kikapima kilichoruka: maji yalikuwa kama asilimia 5.6 kwa uzito, na kipimo chenyewe kinaweza kuzidi au kupungua kwa karibu 2.9. Hicho ni kipimo cha shimo moja. Anayesema mwezini kuna visima anatia chumvi.

Hata hivyo, barafu ikipatikana ya kutosha, ni maji ya kunywa na oksijeni ya kupumua, na ikitenganishwa kwa umeme ni haidrojeni na oksijeni, yaani mafuta ya roketi. Hapo ndipo hesabu ya madumu inapobadilika, na hapo ndipo mataifa yanapotazama.

Tuje kwa Marekani. Mpango wao, Artemis, una roketi iitwayo SLS yenye urefu wa mita 98. Ina injini nne za RS-25, aina iliyotumika kwenye Space Shuttle, na roketi mbili za mafuta makavu ubavuni. Inaweza kusukuma tani 27 kuelekea mwezini. Ilifanya kazi kwenye safari yake ya kwanza isiyo na watu, Novemba 16, 2022. Ila ni ghali mno: mkaguzi mkuu wa NASA alikadiria mwaka huohuo kwamba safari moja ya SLS na Orion, zile za mwanzo, ni dola bilioni 4.1, na injini zote nne zinaishia baharini.

Haidrojeni yake pia si lelemama. Tangi kuu linajazwa lita zaidi ya milioni 2 za haidrojeni iliyopozwa hadi nyuzi 253 chini ya sifuri. Molekuli yake ni ndogo kuliko zote, na kwenye baridi ile kila chuma na kila gasketi inajikunja kwa kiasi chake. Septemba 3, 2022 ilivuja kwenye kiungo cha bomba la inchi 8 chini ya roketi, na kiasi hewani kikavuka asilimia 4, kiwango ambacho kikipata cheche kinawaka. Safari ikaahirishwa. Dawa yake ilikuwa kubadilisha gasketi, kisha kubadilisha utaratibu wa kujaza: kuanza kwa shinikizo la chini na kupoza bomba polepole ili sehemu zote zijikunje pamoja. Usiku wa safari yenyewe vali ndogo nyingine ikavuja, na watu watatu wakapelekwa chini ya roketi iliyojaa mafuta kukaza nati.

Juu ya SLS kunakaa Orion, chombo cha watu wanne. Hapa naomba mnifuate polepole, kwa sababu uamuzi mmoja mdogo umezaa mengine yote. Sehemu ya injini ya Orion, inayotengenezwa Ulaya, hubeba tani 8.6 za mafuta. Ile ya Apollo ilibeba zaidi ya tani 18. Kwa mafuta hayo machache Orion haiwezi kushuka hadi obiti ya chini ya mwezi na kisha kutoka tena. Ndiyo maana wakaichagulia obiti ya mbali, ndefu kama yai lililovutwa, inayokaribia mwezi kwa kilomita 3,000 upande wa kaskazini na kwenda hadi 70,000 upande wa kusini. Mzunguko mmoja unachukua siku sita na nusu. Basi chombo cha kutua kinalazimika kuanzia huko juu. Kushuka hakugharimu tena kilomita 1.9 kwa sekunde, kunagharimu karibu 2.7, na kupanda vivyo hivyo. Chombo kinakuwa kikubwa. Na kwa kuwa SLS haiwezi kukibeba pamoja na Orion, kinapaswa kwenda kivyake.

Aprili 2021 kampuni ya SpaceX ilipewa mkataba wa dola bilioni 2.89 kukitengeneza. Walichopendekeza ni Starship yao, urefu wa mita 50 hivi ikiwa imesimama mwezini, inayotumia methani na oksijeni, na wanaanga watashushwa kwa lifti. Ikifika obiti ya dunia, Starship imeshamaliza karibu mafuta yote. Ili iende mwezini lazima ijazwe hukohuko juu. Matangi ya toleo la mwanzo yanachukua kama tani 1,200. Tanka moja likileta tani 100, ni safari 12, na hapo hujahesabu kinachopotea. Novemba 2023 ofisa wa NASA alitaja idadi inayokaribia ishirini. Wenye kampuni wamewahi kutaja idadi ndogo zaidi. Kila mtu afanye hesabu yake, jambo la msingi halibadiliki: safari moja ya kutua inahitaji safari nyingi za kubeba mafuta, mfululizo, bila kuchelewa sana.

Kwa nini bila kuchelewa? Oksijeni inachemka kwenye nyuzi 183 chini ya sifuri, methani kwenye 162. Tangi liko juani. Kila siku kiasi fulani kinageuka mvuke, mvuke unapandisha shinikizo, na usipoutoa nje tangi litapasuka. Tanka la kumi likikwama chini wiki tatu, ghala lililoko juu linaendelea kupungua.

Na kumimina kwenyewe si kama kufungua bomba. Pasipo uzito, mafuta hayakai chini ya tangi. Yanaelea mabonge mabonge na mvuke katikati. Hivyo vyombo viwili vikishaungana, injini ndogo zinawashwa kuvisukuma taratibu ili kimiminika kijikusanye upande mmoja, mlangoni pa bomba. Kabla ya hapo bomba na tangi linalopokea vimepozwa, kwa sababu kimiminika cha kwanza kikigusa chuma chenye joto kinageuka mvuke papo hapo na kuzuia kinachofuata. Kisha shinikizo linapandishwa upande unaotoa na kushushwa upande unaopokea. Hata kujua umebakiwa na kiasi gani ni kazi, kwa kuwa kipimo cha kawaida cha kina hakifai kitu kinapoelea. Warusi wamekuwa wakijaza mafuta vituo vyao vya anga tangu chombo cha mizigo cha kwanza cha Progress kilipofika kituo cha Salyut 6 mwaka 1978, lakini mafuta yao ni ya aina ile niliyowaambia mshike, yasiyohitaji baridi, tena yanasukumwa na gesi kutoka nyuma ya kiwambo ndani ya tangi. Ni mamia ya kilo, si mamia ya tani.

Sisemi haiwezekani. Kampuni hiyo ilionyesha Oktoba 13, 2024 kwamba inaweza kudaka kwa mikono ya mnara roketi ya chini ya Starship yenye injini 33, jambo ambalo wengi walilicheka. Nasema tu kwamba orodha ya mambo ambayo lazima yakubali kwa zamu ni ndefu. NASA yenyewe iliweka akiba: Mei 2023 ilimpa Blue Origin mkataba wa dola bilioni 3.4 kwa chombo kingine, Blue Moon, nacho kinategemea haidrojeni na kujaziwa angani. Oktoba 2025 aliyekuwa kaimu mkuu wa NASA, Sean Duffy, alitangaza hadharani kwamba kazi ya kutua kwa mara ya kwanza itafunguliwa kwa ushindani, kwa sababu SpaceX imechelewa. Lengo la kwanza lililotangazwa mwaka 2019 lilikuwa kutua 2024. Ikasogezwa 2025, ikaja 2026, ikaja 2027. Mkisikia mwaka mpya umetajwa, ulizeni kwanza habari za tanka.

China imechagua njia fupi, na kwa maoni yangu imeichagua kwa makusudi baada ya kuisoma Apollo vizuri. Roketi yao, Long March 10, ina mitungi mitatu iliyosimama sambamba, kila mmoja una injini saba. Urefu wake ni kama mita 92, na uwezo wake kuelekea mwezini ni tani 27. Hawana roketi moja ya kubeba kila kitu, kwa hiyo watarusha mbili kutoka Wenchang, kisiwani Hainan. Ya kwanza inapeleka chombo cha kutua, Lanyue, tani kama 26, bila watu. Kinasubiri kwenye obiti ya mwezi. Ya pili inapeleka chombo cha watu, Mengzhou, na wanaanga watatu. Vinaungana hukohuko, wawili wanahamia Lanyue. Wakati wa kushuka, kipande cha injini kilichofungwa chini ya Lanyue kinafanya sehemu kubwa ya kupunguza kasi, kisha kinatupwa kabla ya kugusa chini, na chombo kinamalizia chenyewe. Hakuna ghala la mafuta angani, hakuna tanka.

Wanajaribu kipande kwa kipande. Juni 17, 2025, huko Jiuquan, walijaribu mfumo wa kumchomoa mwanaanga roketi ikilipuka kabla haijaondoka. Agosti 6, 2025, huko Huailai mkoani Hebei, waliining'iniza Lanyue kwenye mnara ili kupunguza uzito wake uwe kama wa mwezini, kisha wakaiwasha ishuke na kupaa. Mwezi huohuo injini saba za hatua ya kwanza ziliwashwa pamoja roketi ikiwa imefungwa chini. Hilo la kuwasha zote pamoja ni fundisho la zamani. Roketi ya Kisovieti ya N1 ilikuwa na injini 30, haikuwahi kuwashwa nzima ardhini kabla ya kurushwa, na mara zote nne, kati ya 1969 na 1972, ilishindwa. Moja ilianguka na kuharibu kiwanja chake.

Lengo lao ni kutua kabla ya 2030. Lina udhaifu wake: wanakwenda wawili kwa muda mfupi, na mzigo ni mdogo. Starship ikikubali itashusha mzigo ambao Lanyue haiwezi hata kuuota. Mkinilazimisha kuchagua, nitasema hivi: kwa unyayo wa kwanza, anayehitaji hatua chache ana nafasi nzuri zaidi, kwa kujenga na kukaa, Marekani imejiandalia chombo kikubwa zaidi, ikiwa itamudu kukijaza.

Kuna swali lililoletwa hapa kwa karatasi: wengine je? India inataka kumfikisha raia wake mwezini ifikapo 2040. Japani imekubaliana na Marekani kutoa gari la kutembelea lenye hewa ndani, na wanaanga wake wawili wapate nafasi ya kutua. Urusi iko upande wa China kwenye mpango wa kituo cha utafiti. Hakuna kati yao aliye kwenye mbio za unyayo wa kwanza.

Nilisema shughuli ni kutua, na sijaonyesha bado. Kushuka kunaanzia kilomita 15 hivi juu ya ardhi, mwendo ukiwa karibu kilomita 1.7 kwa sekunde, na kwa Apollo kulichukua dakika kama 12. Ishara ya redio inatumia sekunde 1.3 kwenda na 1.3 kurudi, kwa hiyo aliyeko duniani hawezi kushika usukani. Kompyuta iliyoko ndani lazima ijue mambo mawili kila wakati: niko juu kiasi gani, na ninakwenda kwa kasi gani. Karibu ajali zote za miaka ya karibuni zinatokana na moja kati ya hayo.

Aprili 2023 chombo cha kampuni ya Kijapani ispace kilipita juu ya ukingo wa kreta. Ardhi ikadidimia ghafla kama kilomita 3, kipimo cha urefu kikaruka, na programu ikaamua kwamba kipimo kimeharibika, ikakipuuza. Kompyuta ikaamini imefika chini, kumbe iko kilomita 5 juu. Chombo kikaelea kikisubiri kugusa ardhi hadi mafuta yakaisha. Agosti 19 mwaka huohuo Luna-25 ya Urusi ilipaswa kuwasha injini sekunde 84. Iliiwasha 127, kwa sababu kifaa cha kupima mabadiliko ya mwendo hakikuwa kimewashwa na kompyuta haikujua kwamba mwendo uliotakiwa umeshafikiwa. Ikajibamiza. Februari 2024 Odysseus ya Marekani ilifika na leza ya kupimia urefu ikiwa imefungwa, maana swichi ya usalama haikuondolewa kabla ya safari. Kikatua, mguu ukavunjika, kikalala. Machi 2025 ndugu yake, Athena, akalala ubavu ndani ya kreta karibu na ncha ya kusini, paneli zake za jua zikatazama pasipofaa, na kazi ikaisha kwa siku moja. Vyombo hivyo viwili vilikuwa virefu na vyembamba. Blue Ghost, chombo kingine cha Marekani, kifupi na kipana, kilisimama wima Machi 2 mwaka huohuo, ingawa nacho kilichagua uwanda tambarare wa Mare Crisium.

India ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Chandrayaan-2 ilianguka 2019. Hawakukimbilia kubuni chombo kipya. Walikaza miguu, wakaongeza mafuta, na eneo la kutulia ambalo lilikuwa mita 500 kwa 500 wakalipanua hadi kilomita 4 kwa 2.4, ili kompyuta isilazimike kupigania nukta moja. Agosti 23, 2023 Chandrayaan-3 ikatua kwenye latitudo ya digrii 69 kusini.

Ncha yenyewe ni mbaya kuliko hapo. Jua likiwa chini vile, jiwe la mita moja linatupa kivuli cha makumi ya mita, na kamera haijui kama kile cheusi ni kivuli au shimo. Dunia nayo inaonekana kwenye upeo, hivyo mlima mmoja unatosha kukata mawasiliano. China imeshaweka setilaiti ya kupokezana ishara, Queqiao-2, tangu Machi 2024. Sasa fikirini chombo cha mita 50 kikitafuta mahali pa kusimama hapo.

Kurudi nitakupitia haraka. Chombo kinaingia hewani kwa kilomita 11 kwa sekunde. Ngao ya Orion kwenye safari ya 2022 ilirudi imemeguka sehemu zaidi ya 100. Uchunguzi ulionyesha chanzo: Orion iliingia hewani, ikapanda kidogo, ikaingia tena, kwenye kile kipindi cha katikati gesi iliyozalishwa ndani ya kifaa cha ngao haikupata pa kutokea, shinikizo likapasua tabaka la juu. Kwa Artemis II, safari ya kwanza ya Orion yenye watu, ngao ilikuwa imeshafungwa, kwa hiyo uamuzi wa Desemba 2024 ulikuwa kuiacha hiyohiyo na kubadilisha njia ya kuingilia.

Na sisi wa huku tuko wapi? Mkataba wa kimataifa wa anga za juu wa 1967 unasema hakuna taifa linaloweza kuumiliki mwezi, lakini haujasema wazi juu ya barafu uliyoichimba. Makubaliano ya Artemis ya mwaka 2020, yanayoongozwa na Marekani, yanaruhusu kutumia rasilimali na kuweka maeneo ya usalama kuzunguka kazi zako. Kwenye ncha yenye vilele vichache vya mwanga, aliyetangulia na eneo lake la usalama amepata karibu kila kitu isipokuwa hati. Rwanda na Nigeria zilitia saini Desemba 2022, za kwanza Afrika. Misri na Afrika Kusini zilijiunga na mpango wa China mwaka 2023. Wakongwe watakumbuka kwamba mwaka 1976 Kenya, Uganda na Zaire zilikuwa miongoni mwa nchi za ikweta zilizodai kule Bogotá, Colombia, haki juu ya obiti ya setilaiti iliyo juu ya ardhi zao, na hazikusikilizwa. Wakati huo Waitalia walikuwa wanarusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco nje kidogo ya Malindi, ikiwemo ile ya 1970 iliyopewa jina Uhuru. Wanasheria wetu wana kazi hapa sawa na wahandisi, na maandiko ya mikataba hii si marefu, yasomeni.

Kwa wanafunzi watakaofuatilia habari hizi, nawapa mambo ya kuuliza. Mkisikia mafuta yamehamishwa angani kutoka chombo hadi chombo, ulizeni ni tani ngapi, yalichukua saa ngapi, na yalikaa siku ngapi kabla ya kuanza kupungua. Mkisikia Long March 10 imeruka, ulizeni kama ni mtungi mmoja au yote mitatu. Na chombo cha watu kikitua mwezini kwa majaribio kikiwa kitupu, ulizeni kama kilipaa tena.

Nakaribisha maswali.